Masizi Kisimani

Maji ya kisima yalitoka machafu, na kila aliyekuwa jikoni alijua maana yake: mtu alikoka moto ndani ya nyumba iliyofungwa.

Hayakuwa meusi tititi. Yalikuwa ya kijivu, kama maji ya kusuuzia sufuria, na ndani ya glasi vipande vidogo vyeusi vilizunguka taratibu, kimoja kikipanda, kingine kikizama. Bwana Vlatko, mwenye nyumba, alikuwa ameiweka glasi hiyo katikati ya meza na kurudi nyuma hatua moja. Alishuka kwenye feri ya asubuhi na mkewe, bila hata kupiga simu. Watu wa mjini Zagreb hawaji kisiwani mwezi wa pili. Mwaka huu walikuja.

"Nilichemsha kahawa," alisema mkewe, Bi Biserka, koti bado halijamtoka mwilini. "Ikanuka kama soksi ya mkaanga samaki. Nikasema labda kahawa yenyewe imechacha. Nikafungua bomba, nikaona hayo."

Hakuna aliyecheka.

Perina alisimama karibu na sinki, mikono ameificha nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mjane wa mwaka wa nne, na kazi ya kuitunza nyumba hii wakati wa baridi ilikuwa yake. Mbele yake, kwenye kiti pekee kilichotolewa shuka la vumbi, aliketi mama mkwe wake, bibi Keka, amevaa nyeusi toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Kazi ilikuwa ya bibi Keka kwanza. Aliifanya miaka ishirini na sita, akamrithisha mkwe macho yalipoanza kumwekea ukungu, lakini ufunguo mmoja hakuutoa. Aliuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na msalaba.

Na mlangoni alisimama fundi mawe, Lovre. Bwana Vlatko alimwita aje kukagua dohani, maana kijiji kizima kina watu kumi na tisa msimu huu na fundi ni mmoja. Alikuwa ametoka paani sasa hivi. Viganja vyake vilikuwa vyeusi.

Bibi Keka alipomsikia akikanyaga kizingiti, aliugeuzia uso ukutani. Tangu msiba hakulitaja jina lake. Alimwita "yule aliyeshuka." Siku ile walipanda wawili kwenye jukwaa la ujenzi, Lovre na Frane, mwana wa pekee wa bibi Keka na mume wa Perina. Frane alianguka. Lovre alishuka kwa ngazi, kwa miguu yake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa hilo tu, na kwa mama lilitosha.

Perina hakumtazama Lovre. Alijua akimtazama tu, uso utasema kabla ya mdomo.

"Haya, fundi," alisema Bwana Vlatko. "Umeona nini?"

"Masizi. Pande zote za dohani, na michirizi kwenye mawe ya paa mpaka mferejini." Sauti ya Lovre ilikuwa ya chini. "Ni ya kuni za msonobari. Mapya, hayajapita wiki tatu."

"Na mlizamu?"

"Umeelekezwa kisimani."

Bwana Vlatko alivuta pumzi. Yeye ni mtu wa mji, lakini sharti hilo hata yeye alilijua. Nyumba za huku zinakunywa mvua. Maji hushuka paani, yakapita mlizamu mmoja, yakaingia kisima kilicho chini ya baraza. Ukitaka kukoka moto, kwanza unageuza mlizamu umwage njiani, na huurudishi mpaka mvua ya kwanza ioshe paa. Hata mtoto anayetambaa huku anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusali.

Perina alilijua sharti. Hakulisahau.

Ilikuwa Jumatano, wiki tatu nyuma. Bibi Keka alikwenda mjini Split kwa daktari wa macho, kurudi ni feri ya jioni. Bura ilivuma tangu alfajiri, ule upepo mkavu wa kaskazini unaokata masikio, na siku za bura ndizo za kufungua nyumba tupu ipitishe hewa, kuta zisiote ukungu. Kwa hiyo Perina alikuwa na sababu ya kwenda. Lovre naye alikuwa na yake: bura ilikuwa imeng'oa kibao cha dirisha la ghorofani. Alikipigilia saa nzima akiwa juu ya ngazi, na aliposhuka vidole havikunjiki. Alijaribu kushika kikombe, kikamponyoka.

"Acha, vitarudi vyenyewe," alisema, akivipulizia pumzi.

Perina alivishika kati ya viganja vyake. Vilikuwa baridi kama samaki. Akamwangalia usoni, na Lovre akamwangalia. Halafu Perina akapiga magoti mbele ya meko.

"Perina. Mlizamu."

"Mlizamu ukigeuzwa unaonekana toka kanisani," alijibu. "Nikiugeuza ni kama nimepiga kengele. Bura inavumia baharini, moshi hautaonekana na mtu. Mvua hakuna mpaka Jumamosi. Kesho utapanda ufagie paa."

Alikoka yeye. Kiberiti kilikuwa chake, mkono ulikuwa wake.

Walikaa mbele ya ule moto toka saa nane mpaka saa kumi. Lovre aliomba kumwoa. Alimwomba vibaya, kama mtu anayeulizia bei ya chokaa, na Perina alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamjibu, "Ngoja misa ya Frane ya mwaka wa nne ipite. Nitamwambia mama mwenyewe." Wakazima moto, wakazoa majivu, wakafuta meko. Usiku huo huo upepo ukageuka. Jugo, upepo wa kusini, ukaja na mvua nzito, ya siku mbili, na masizi ya paa yakaoshwa yakaingia kisimani. Walisubiri muujiza. Walisema masizi yatatuama chini, wenyewe hawaji mpaka Pasaka.

Sasa wenyewe walikuwa jikoni.

"Mama Keka," Bwana Vlatko alianza, na sauti yake ikawa laini. Ulaini huo ulimtisha Perina kuliko ukali. "Sikulaumu. Nataka ulielewe hilo. Wewe ndiye uliyetufunza nyumba hii. Lakini umri ni umri."

"Umri gani?" bibi Keka aligeuka. "Unasema nini, bwana?"

"Mwezi uliopita Perina alipokuwa na homa, wewe ulikuja peke yako. Si ndiyo?"

"Nilikuja. Mara mbili."

"Kulikuwa na baridi."

"Kulikuwa na baridi, ndiyo. Sasa?"

"Labda ulikoka moto kidogo. Ukasahau mlizamu. Ndiyo hayo tu, mama. Hata mimi nasahau miwani usoni kwangu."

Perina aliona vidole vya bibi Keka vikianza kutembea juu ya sketi, kama vinatafuta sindano iliyoanguka.

"Mimi sikoki moto hapa," alisema bibi Keka. "Miaka ishirini na sita sijawahi." Akageukia meko. "Ila siku ile nilikuwa na baridi sana. Nakumbuka nilikaa pale kwenye jiwe la meko. Nilikaa."

"Unaona," alisema Bi Biserka, kwa huruma.

"Nilikaa, lakini... Perina, mwanangu, nilirudi nyumbani nikinuka moshi?"

Hilo lilikuwa swali. Aliulizwa yeye, kwa jina, mbele ya watu. Angesema "hapana, mama," wangeuliza basi ni nani. Angesema "ndiyo," angekuwa shetani. Mbele yake alikuwa na mwanamke aliyempokea akiwa na miaka kumi na minane, aliyemlisha kwa mkono wake ile wiki ya msiba alipokataa chakula. Na mlangoni alikuwa na mwanamume aliyemfanya atamani tena kuamka asubuhi. Alitazama sakafu.

"Sikumbuki, mama," alisema.

Bibi Keka alitikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi. Daktari aliniambia macho tu. Kumbe na kichwa." Alicheka kicheko kidogo kikavu. "Marehemu mama yangu naye ilimwanza hivyo hivyo. Alikuwa anatia chumvi kwenye kahawa."

Aliinua mikono shingoni. Kamba ilijifunga kwenye msalaba. Ilimchukua muda kuitenganisha, na hakuna aliyemsaidia. Kisha akauweka ufunguo mezani, kando ya glasi, kwa upole kama mtu anayelaza mtoto.

"Chukua, bwana. Nyumba ya watu si ya mtu aliyechanganyikiwa."

"Ni mimi."

Wote waligeuka mlangoni.

"Ni mimi niliyekoka," alisema Lovre. "Nilikuwa peke yangu. Kibao cha dirisha kiling'oka, nikaja kukirudisha, nikaona baridi, nikaingilia dirishani. Mama huyu hana kosa, akili yake ni nzima kuliko yangu."

"Uliingia nyumbani kwangu kwa dirisha?" Bwana Vlatko aliuliza.

"Ndiyo."

"Nami nimekulipa miaka mitano kuitengeneza!" Alikuwa tayari ameshatoa simu mfukoni. "Hii ni ya polisi, fundi. Sikiliza, mimi nina subira, lakini hii ni ya polisi."

"Mpigie," alisema bibi Keka. Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Mpigie, bwana! Nilijua. Moyo wangu ulijua. Popote penye hasara ya nyumba yangu, huyu yupo amesimama salama. Alinichukulia mwanangu, sasa anataka kunichukulia na akili. Waje wamfunge pingu, nami nitawakaangia nyama ya pršut na mayai hao polisi!"

Lovre hakujitetea. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Perina alimtazama, na yeye akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nyamaza. Macho yake yalisema hivyo tu. Nyamaza, mimi kwake nimeshakufa, haniongezei kaburi.

Ilikuwa njia rahisi. Yeye, Perina, alitakiwa tu afunge mdomo.

"Weka simu chini, bwana Vlatko," alisema.

"Perina, hapana," alisema Lovre.

"Nilimfungulia mimi, kwa ufunguo. Moto niliukoka mimi. Mlizamu niliuacha makusudi, ili watu wasijue kuna watu ndani."

Bi Biserka aliketi juu ya kiti chenye shuka bila kulitoa. Nje, mlango wa stoo ulikuwa unagongagonga kwa upepo.

Bibi Keka ndiye aliyezungumza. "Watu gani ndani?"

"Mimi na Lovre, mama."

"Wewe na..." Hakulisema jina hata hapo. "Tangu lini?"

"Siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa kumi na moja."

"Tulipofungua divai mpya. Ulikuja hapa kupitisha hewa."

"Ndiyo, mama."

"Kila bura."

"Kila bura."

"Na mimi nilikuwa nasema kwa watu, mkwe wangu hana mfano, nyumba ya watu anaipitishia hewa kama mapafu yake." Bibi Keka alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika. "Tereza wa dukani alikuwa anakohoa kila nikisema hivyo. Nikamletea dawa ya kifua. Nikamletea dawa, mimi!"

"Mama, tulitaka kukwambia. Baada ya misa ya Frane, mimi ningekuja—"

"Usimlete Frane hapa."

"Bibi Keka," alisema Lovre, "nampenda. Nataka kumwoa kanisani, mchana, watu wakiona. Kosa la kujificha ni langu mimi kwa sababu nilikuogopa."

"Sikuzungumza na wewe," bibi Keka alisema, uso ukutani. Kisha akamrudia Perina, na macho yake yenye ukungu yalimtafuta mpaka yakampata. "Mapenzi ni mapenzi. Mimi nami nilikuwa msichana, sikuzaliwa na kitambaa cheusi. Ningekutukana mwezi mzima, ningekunyima salamu mpaka Pasaka, halafu labda ningechoka. Lakini nijibu kitu kimoja. Nilipouliza kama nilirudi nanuka moshi, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukasema hukumbuki."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha nikadhani nimeshakuwa kichaa. Uliniangalia."

Perina alitaka kusema ni dakika chache tu. Alitaka kusema aliogopa. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa na uzito wa kutosha.

"Uliniacha mpaka lini?" bibi Keka aliuliza. "Sema hapa mbele ya watu."

"Mpaka ulipoweka ufunguo," alisema Perina. "Na hata hapo sikufungua mdomo. Alifungua Lovre kwanza."

Bibi Keka alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei na kuona ni haki. Alichukua fimbo yake. Bi Biserka aliinuka kumshika mkono, bibi Keka akamkatalia, akatoka mwenyewe, akipapasa ukuta.

Bwana Vlatko alirudisha simu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kisima kimwagwe chote, kioshwe, kipakwe chokaa, na kazi hiyo waifanye wawili waliokichafua. Kisha akanyoosha mkono, na Perina akamwekea ufunguo wa pili kiganjani.

Waliosha kisima siku tatu. Pampu ilitoa maji ya juu. Ya chini yalitolewa kwa ndoo. Lovre alikuwa ndani na brashi, Perina juu na kamba, wakibadilishana migongo ilipouma. Hawakuzungumza mengi. Siku ya pili Perina alishuka ngazi ya kisima, akakaa kwenye jiwe lenye unyevu, akalia. Lovre hakumwambia nyamaza. Aliweka brashi chini, akakaa karibu yake, bega kwa bega, akasubiri.

"Unajuta?" aliuliza baadaye.

"Wewe sikujutii," alisema Perina. "Ila ile 'sikumbuki', hiyo nitazeeka nayo."

"Basi tutazeeka nayo wawili. Nami niliisikia nikanyamaza."

Perina alimfuta chokaa kwenye nyusi kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo ilikuwa posa yao ya pili, na safari hii hakucheka.

Siku ya tatu, mchana, kivuli kiliziba mdomo wa kisima. Walitazama juu wakaona sketi nyeusi na ncha ya fimbo.

"Mmeanzia wapi?" sauti iliuliza.

"Upande wa ngazi, mama," Perina alijibu toka chini.

"Wapumbavu. Unaanzia kona ya kaskazini, tope linalala kule. Na chokaa iwe nyepesi kama maziwa, si uji. Ukiweka uji itabanduka kabla ya Pasaka." Fimbo iligonga jiwe mara mbili. "Umesikia, mwanamke?"

"Nimesikia."

Kivuli kiliondoka. Mlizamu ulilia juu yao, chuma kikisugua jiwe. Bibi Keka alikuwa anaugeuza kwa mkono wake umwage njiani, mpaka paa lioshwe.

Jioni Perina alikuta vitu vyake kwenye ngazi ya nyumba ya mama mkwe. Havikutupwa. Vilikunjwa vizuri, mifuko miwili, na juu yake koti la baridi lililoshonwa kifungo kilichokuwa kimekatika tangu Krismasi. Lovre alibeba mifuko yote miwili. Walipita katikati ya kijiji, mbele ya duka, na Tereza hakukohoa.

Ule moto uliwaka kwa muda wa saa mbili tu. Uligharimu kisima kizima cha maji, mvua ya tangu Oktoba, yaliyotiririka njiani mpaka baharini. Uligharimu funguo mbili na kazi ya miaka ishirini na sita ambayo haikuwa na doa. Uligharimu chumba chenye dirisha la baharini, kitanda, na kiti cha upande wa jiko katika nyumba aliyoingia Perina akiwa bibi harusi. Uligharimu na neno moja. Asubuhi ile jikoni, bibi Keka alimwita mwanangu. Kisimani alimwita mwanamke.